Mswaki wa Porini na Vijidudu vya Meno

Mtu asafiriye kwa njia kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, akiisha kuupita mji wa Kajiado, hufika Bisil, mahali panapojulikana mbali kwa soko lake la mifugo. Hiyo ndiyo nchi ya Wamasai wa Matapato. Siku ya soko, asubuhi kabla vumbi la ng'ombe halijapanda, mgeni ataona jambo ambalo wenyeji hawaliangalii tena kwa kuwa wamelizoea tangu utoto. Wazee waliojitanda shuka wamesimama wakiegemea fimbo zao na kushindana bei, na wengi wao wana kijiti kinywani. Hukisugua kijiti hicho taratibu juu ya meno, hutema mate pembeni, kisha huendelea na shauri la ng'ombe. Hatua chache kutoka hapo, katika baraza ya duka, vijana walio sawa na wajukuu wao wanafungua chupa za soda. Wengi wa vijana hao hawana kijiti, na wengine hawana hata brashi ya dukani.

Hayo ni mambo ya kila siku, lakini ndani yake mna swali ambalo wataalamu wa meno wamelichunguza kwa miaka mingi, hapa Afrika ya Mashariki na katika nchi za ng'ambo. Je, kijiti cha mzee ni dawa, au ni kitu cha kupitishia wakati tu? Na kama ni dawa, kina nguvu ya kumkinga kijana anywaye soda? Baba na mama wanaopaswa kuamua kama watatoa fedha za kununua brashi na dawa ya meno, au watamwambia mtoto akate mti kama alivyofanya babu yake, wana haki ya kupewa jibu lililo wazi. Jino likiisha kuoza halirudi, na kung'olewa kwake ni gharama na maumivu.

MITI YENYEWE

Neno mswaki, ambalo asili yake ni ya Kiarabu, lilikuwa midomoni mwa watu wa pwani zamani sana kabla brashi za plastiki hazijaletwa. Brashi ilipofika ilipewa jina la kijiti, na jina hilo limeenea bara yote. Waislamu wameutumia mswaki tangu mwanzo wa dini yao, kwa sababu Mtume Muhammad aliusifu na kuwahimiza watu kuutumia. Mti wenyewe wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Humea katika nchi kavu za joto, hata penye udongo wa chumvi, tangu India na Arabuni mpaka Afrika, nao Wamasai huuita oremit. Mizizi na matawi yake yana nyuzi laini ndani, na mtu akiutafuna mzizi mbichi husikia ukali upandao puani, kama ule wa haradali.

Lakini katika sehemu za Kajiado oremit hauko peke yake. Milimani na katika misitu mikavu kuna mzeituni wa mwituni, ambao Wamasai huuita oloirien na Wakikuyu huuita mutamaiyu. Kuna tena olkinyei, ambao jina lake la kitaalamu ni Euclea divinorum, kichaka chenye majani mabichi mwaka mzima, ambacho mizizi yake ikitafunwa huacha rangi nyekundu ya udongo midomoni. Kila ukoo na kila bonde lina mti linaoupenda, na wazee wanaweza kubishana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu kama wanavyobishana juu ya ndama.

Oloirien wastahili maneno machache zaidi, maana kazi yake kwa Wamasai haikuishia kwenye meno. Mama wa Kimasai anapotaka kuandaa kibuyu cha maziwa, huchukua kijiti cha oloirien chenye kaa la moto, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukisugua pande zote, kisha huondoa majivu. Maziwa yanayotiwa humo hupata harufu nzuri ya moshi, wala hayaharibiki upesi kama yale ya chombo kisichotunzwa hivyo. Hakuna mwalimu aliyekuja kuwafundisha akina mama hao habari za vijidudu. Walijua kwa macho na kwa pua ya kwamba katika mti ule mna kitu kinachozuia uozo, wakakitumia. Basi mtu akisikia ya kwamba mti huo huo huwekwa kinywani, asiharakishe kucheka.

Hata hivyo, si kila desturi ya kinywa imeonekana kuwa njema. Katika Kajiado hii hii kumekuwa na mazoea ya kuchimbua vichipukizi vya meno ya chonge katika fizi za mtoto mchanga anapougua homa au kuhara, kwa imani ya kwamba uvimbe ule mweupe ndio unaomletea ugonjwa. Profesa Hassanali na wenzake waliandika juu ya mazoea hayo mwaka 1995. Mtoto hutoka damu, huweza kuingiwa na sumu ya kidonda, na meno yake ya ukubwani huweza kuota kombo au kukosa kuota kabisa, na ule ugonjwa wa kuhara hubaki pale pale. Kwa hiyo haifai kusema ya kwamba jambo ni jema kwa sababu ni la wazee, wala kwamba ni baya kwa sababu hiyo. Lazima lipimwe.

VIJIDUDU WA AINA MBILI

Kwa karne nyingi watu wa mataifa mbalimbali, Wazungu wakiwa miongoni mwao, waliamini ya kwamba jino linalouma lina funza ndani yake. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe akautazama kwa hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. Aliona viumbe vidogo mno vikienda huku na huku. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla kazi ya viumbe hao haijafahamika. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitoa kitabu kilichoeleza ya kwamba vijidudu vya kinywa hula mabaki ya wanga na sukari, hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino. Mwaka 1924 huko London, J. Kilian Clarke alimtenga kijidudu mmoja kutoka katika meno yaliyooza, akampa jina la Streptococcus mutans. Huyo ndiye mshitakiwa mkuu mpaka leo, ingawa ana wenzake wengi.

Kazi yake ni kama hivi. Akipata sukari hutengeneza kitu kama gundi, akajibandika juu ya jino pamoja na wenzake, na utando wao ndio ule ukoga tuusikiao kwa ulimi tunapoamka. Chini ya utando huo hutoa asidi, na madini ya ganda gumu la jino huanza kutoka kidogo kidogo. Mwili nao haukulala. Mate huja yakaipunguza nguvu ile asidi, na baada ya nusu saa au zaidi huanza kuyarudisha baadhi ya madini yaliyopotea. Mtu alaye mara tatu kwa siku hulipa jino lake nafasi ya kupona kila baada ya chakula. Mtu anywaye soda kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka jioni, au chai ya sukari nyingi kila saa, halipi nafasi hiyo. Mwisho ganda hutoboka.

Vijidudu vya ugonjwa wa fizi ni wengine. Hao hukaa chini ya ukingo wa ufizi, mahali pasipo na hewa nyingi, na chakula chao hasa ni protini za mwili wenyewe, wala hawahitaji sukari kama wale wa kwanza. Ufizi huvimba, hutoka damu mtu apigapo mswaki, na ikiwa hautunzwi mfupa ulioshika jino hupungua hata jino likalegea. Msomaji aikumbuke tofauti hii ya makundi mawili, maana bila hiyo habari za maabara zinazofuata hazitaeleweka.

YALIYOONEKANA KATIKA MAABARA

Miti ya Kenya ilipelekwa maabara zamani kidogo. Mwaka 1990 K. A. Homer, Firoze Manji na David Beighton walitangaza uchunguzi wao juu ya mimea inayotumiwa Kenya kama miswaki. Walitoa maji ya dawa katika mimea hiyo, wakayajaribu juu ya vimeng'enya vya vijidudu vya fizi. Vimeng'enya ni vitu ambavyo kijidudu hutoa ili kukata chakula chake, kama mtu anavyokata nyama kwa kisu kabla ya kuila. Maji ya miti ile yaliweza kuvizuia visifanye kazi. Mwaka 1992 watu hao hao walitangaza majaribio mengine ya namna hiyo. Ni jambo la kupendeza, kwa kuwa mti waweza kumpokonya kijidudu kisu chake hata kabla haujamwua.

Mwaka 2008 Abier Sofrata na wenzake wa Chuo cha Karolinska huko Uswidi walifanya jaribio ambalo hata mtu asiyejua kemia ataliona uzuri wake. Hawakutumia maji yaliyokamuliwa. Walichukua vipande vya mswaki wenyewe, mbichi, wakavitia katika sahani zilizooteshwa vijidudu vya kinywa. Vipande vingine walivichomeka ndani ya chakula cha vijidudu, na vingine wakavining'iniza juu yake visiguse. Hata pale palipokuwa na nafasi ya hewa katikati, vijidudu vilikufa. Maana yake ni kwamba katika mswaki mbichi mna kitu kinachoruka hewani kama harufu, nacho ni kikali kwa vijidudu. Mwaka 2011 walikitaja kitu hicho: ni cha jamaa moja na vile viletavyo ukali wa haradali. Ule ukali upandao puani, ambao wazee huutumia kuutambua mzizi mzuri, ndio wenyewe.

Lakini katika jaribio lile la mwaka 2008 kulikuwa na jambo lingine, na wauzaji wa dawa za miti hawalitaji sana. Vijidudu vya ugonjwa wa fizi ndivyo vilivyoshindwa vibaya. Streptococcus mutans, yule wa kuozesha meno, aliathirika kwa kiasi kidogo zaidi, na kijidudu mwingine wa asidi, Lactobacillus, alikuwa mgumu kuliko wote. Ngozi ya nje ya makundi haya mawili haikuumbwa sawa, na dawa inayomshinda mmoja yaweza kumgusa mwingine kijuujuu tu.

Olkinyei nao umepimwa. Mwaka 2020 Irene Mbabazi wa Chuo Kikuu cha Eldoret na wenzake walitangaza kazi yao juu ya majani, vijiti laini na maganda ya mizizi ya mti huo, na hata walitengeneza dawa ya meno kwa kutumia maganda hayo. Rangi ile ibakiayo midomoni si pambo tu. Mizizi ya jamaa ya olkinyei ina vitu vya rangi viitwavyo naftokwinoni, ambavyo vinajulikana kwa kuzuia vijidudu na ukungu. Oloirien, kama mizeituni yote, una kitu kichungu kiitwacho oleuropeini chenye tabia kama hiyo. Kwa hiyo wazee wa Bisil hawakuokota miti yao ovyo.

SAHANI SI KINYWA

Hapo ndipo magazeti mengi huacha kueleza, na msomaji huondoka akidhani ya kwamba kijiti kimeishinda brashi. Haifai kuacha hapo. Katika sahani ya maabara dawa hukaa na kijidudu usiku kucha, tena dawa nzito. Katika kinywa cha mtu mate huisomba dawa kwa dakika chache, na kijidudu amejificha chini ya utando mzito ulio kama paa la manyatta. Kabla dawa haijamfikia, paa hilo lazima lisuguliwe liondoke. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya faida ya mswaki hutoka katika mkono wa mtu na nyuzi za mti, na maji ya mti ni msaidizi.

Jambo hili limepimwa kwa watoto wa jirani zetu. Mwaka 1992 van Palenstein Helderman na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa shule nchini Tanzania, ukionyesha ya kwamba mswaki wa mti waweza kusafisha meno sawa na brashi ya dukani. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikuwa limekwisha sema mwaka 1987 ya kwamba vijiti hivi vifaa kuhimizwa mahali ambapo ni desturi ya watu. Lakini uchunguzi uliofanywa Ghana na kutangazwa mwaka 1989 ulionyesha kinyume: watumiaji wa vijiti walikuwa na ukoga mwingi zaidi na fizi zilizotoka damu zaidi kuliko watumiaji wa brashi. Mtu asione ajabu kwa tofauti hiyo. Brashi ina kichwa kilichopinda, huingia nyuma ya magego bila shida. Kijiti kimenyooka, na mtu mvivu husugua meno ya mbele yanayoonekana na watu, akayaacha ya nyuma yaoze peke yake. Tena wako wanaosugua kwa nguvu mno, hata ufizi ukasogea na kuacha shina la jino wazi.

SUKARI ILIYOKUJA KWA NJIA KUU

Sasa turudi kwa yule kijana wa barazani. Babu yake alikulia kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, na sukari aliipata kwa nadra, asali ikiwa ndiyo tamu yake kubwa. Vijidudu vya asidi vilikuwa na njaa kinywani mwake. Kijiti chake kilipambana hasa na vijidudu vya fizi, nao ndio ambao kijiti kina nguvu juu yao. Vita vilikuwa sawasawa.

Ukame ulipopunguza mifugo na maduka yalipoongezeka, chakula kilibadilika. Katika boma nyingi za Kajiado maziwa yamepungua, unga wa mahindi umeingia, na chai ya sukari nyingi ndiyo inayomshindisha mtoto mpaka jioni. Kitengela, ambako zamani palikuwa malisho hadi mpakani mwa mbuga ya wanyama ya Nairobi, mashamba yamegawanywa, nyumba za mawe zimejengwa, na mtoto ana duka la peremende kila kona. Silaha ya babu inaletwa katika vita ambavyo haikufanyiwa.

Katika hili kuna funzo kutoka Machakos, kaunti iliyo jirani. Manji na wenzake wa Denmaki, Baelum na Fejerskov, waliwachunguza watu wazima wa mashambani huko, wakatangaza mwaka 1988. Fizi za watu hao hazikuwa safi, lakini sababu kubwa iliyowapotezea meno ilikuwa kuoza, kuliko ugonjwa wa fizi. Nayo haikuwa nchi yenye sukari nyingi wakati ule. Uchunguzi wa afya ya kinywa wa Kenya nzima wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watoto waliopimwa na karibu theluthi moja ya watu wazima wakiwa na meno yaliyooza, na fizi zitokazo damu zilikuwa karibu kwa kila mtu mzima.

Kitu ambacho kimethibitika kuliko vyote kulikinga jino lisitobolewe na asidi ni madini ya floraidi katika dawa ya meno, ambayo husaidia kuyarudisha madini mengine katika ganda la jino. Mswaki wa mti unayo kidogo sana. Kwa hiyo mzazi mwenye uwezo wa kununua dawa ya meno yenye floraidi asiache kuinunua kwa sababu ana oremit karibu na nyumba. Hakuna ubaya kuitia dawa hiyo juu ya nyuzi za kijiti, kama mtu hana brashi. Kumekuwa na wataalamu wa Uswidi na Saudi Arabia waliojaribu kuvilowesha vijiti vya mswaki katika maji ya floraidi.

Lakini Kajiado ina tatizo lake ambalo mtu wa mahali pengine halijui. Visima vingi virefu vya nchi hii, kama vya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, vina floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto akinywa maji yaliyozidi mpaka huo katika miaka ambayo meno yake yanajengwa ndani ya taya, meno hutoka na madoa meupe au ya kahawia, na pengine hukatika-katika. Uchunguzi ule wa mwaka 2015 ulikuta madoa hayo kwa watoto wapatao wanne katika kila kumi. Walimu wengine huwakemea watoto hao kwa uchafu, na wazazi huwapa mkaa na mchanga wasugue. Ni bure, maana rangi ile imo ndani ya jino, na mchanga hulikwangua ganda zaidi. Mtoto wa mahali penye maji ya namna hiyo apewe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya mbaazi baada ya hapo, afundishwe kuitema, na mzazi amwulize mganga wa meno wa hospitali. Maji ya mvua yaliyokingwa katika tangi safi yafaa zaidi kwa kunywa kwake kuliko ya kisima kirefu.

NAMNA YA KUKATA NA KUTUMIA

Kijiti kizuri ni kibichi, unene wa kalamu, urefu wa shubiri moja. Ganda humenywa upande mmoja kiasi cha upana wa kidole, ncha hutafunwa mpaka nyuzi zifunguke, ndipo husuguliwa kutoka ufizi kuelekea ncha ya jino, taratibu, ndani na nje, na magego ya nyuma yasisahauliwe. Nyuzi zikichoka hukatwa, ncha mpya ikatengenezwa kesho yake. Kijiti kilichokaa juani juma zima katika kibanda cha muuzaji kimekwisha poteza ile harufu kali, na pamoja nayo kimepoteza sehemu ya dawa yake. Kikiloweshwa katika maji safi nyuzi zitalainika, lakini harufu haitarudi. Muda wa jioni kabla ya kulala ni muhimu kuliko wote, kwa sababu mate hupungua usiku, na watumiaji wengi wa kijiti hukitumia asubuhi tu.

Asiyeijua miti asikate mwenyewe. Katika vichaka vya Kajiado kuna olmorijoi, mti wenye majani ya kijani ya kung'aa, ambao watu wengi wa Afrika ya Mashariki hupika ngozi na mbao zake kufanya sumu ya mishale. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mtoto wa mjini akitumwa kuleta kijiti cha mzeituni wa mwituni anaweza kukosea. Kadhalika mti wowote utoao maziwa meupe ukikatwa usiwekwe kinywani.

Limebaki shauri la miti yenyewe. Oloirien hukua polepole, na kuni na makaa yake yanapendwa mno, hata milima mingi iliyokuwa nayo sasa ni vichaka vitupu. Oremit ukikatwa tawi huchipua tena bila taabu. Shida ni mizizi. Mzizi una dawa kali zaidi kuliko tawi, nayo ndiyo inayotafutwa na wanunuzi wa mjini, na mchimbaji mwenye haraka huufukua mti mzima kwa ajili ya fungu moja la vijiti, akaacha shimo wazi. Wazee waliojua kazi hiyo walichukua mzizi mmoja wa pembeni, mwembamba, wakaufukia udongo ule walioutoa na kuukanyaga, na mwaka uliofuata wakaenda kwenye mti mwingine. Mnunuzi wa Kitengela anayesimama mbele ya muuzaji aweza kumwuliza kama fungu lile ni la mizizi au la matawi, na limechimbwa wapi. Tawi bichi lililokatwa jana lamtosha mtu kwa kusugua, na dawa ya floraidi ataipata dukani.